Pua Juu, Ndege Chini

Ndege iliyoanguka katika Bahari ya Atlantiki usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 2009 haikuwa imevunjika. Injini zake mbili zilikuwa zikinguruma kama zilivyoagizwa. Mabawa yalikuwa mazima, mkia mzima, mafuta tele. Pua ilikuwa imeelekea juu kama ya ndege inayopaa, na hivyo hivyo, pua juu, ilishuka kutoka futi 38,000 hadi majini kwa dakika tatu na nusu hivi. Ndani yake walikuwamo watu 228, wakiwemo marubani watatu walioona kipimo cha kimo kikirudi chini bila kuelewa sababu.

Ilikuwa safari nambari 447 ya Air France, Airbus A330, kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Kisa chake kimesimuliwa sana, mara kama kisa cha kompyuta, mara kama kisa cha barafu, mara kama kisa cha vijana walioingiwa na hofu. Yote hayo yamo. Mimi nakisimulia kama kisa cha bawa, kwa kuwa bawa ndilo lililoacha kufanya kazi usiku ule, tena kwa sababu iliyokwisha kumuua mtu miaka 113 kabla, mchana kweupe, kwenye kilima kimoja cha Ujerumani.

Kabla ya kufika huko kuna uongo mmoja wa kuondoa njiani. Vitabu vingi vya shule hueleza kwamba bawa limebinuka upande wa juu na ni bapa upande wa chini; kwamba hewa inayopita juu ina safari ndefu zaidi, hivyo inalazimika kukimbia ili ikutane na mwenzake nyuma ya bawa kwa wakati mmoja; na kwamba hewa ikikimbia kanieneo lake hupungua, basi bawa likanyanyuka. Maelezo haya yanapendeza, ila yana kosa katikati. Hakuna kinachozilazimisha hewa hizo mbili kukutana, hazikuwekeana miadi. Holger Babinsky, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, amewahi kuonyesha jambo hilo kwa kupitisha moshi kwa vipande vipande kwenye bawa: moshi wa juu ulifika nyuma mapema kabisa, ukauacha wa chini njiani. Hewa ya juu hukimbia kweli, na kanieneo hushuka kweli. Daniel Bernoulli, aliyeandika juu ya mambo hayo mwaka 1738, hakukosea. Waliokosea ni wale waliobuni sababu ya mbio zenyewe. Kama umbo la mgongo peke yake lingetosha, ndege za maonyesho zisingeweza kuruka chali, nazo huruka. Na ndege ya karatasi, ambayo bawa lake ni bapa pande zote mbili, isingevuka hata madawati mawili.

Kazi ya bawa ni kuigeuza hewa. Likiinama kidogo dhidi ya upepo unaolijia, hewa hufuata mgongo wake na tumbo lake, kisha hutoka nyuma ikiwa imeelekezwa chini. Isaac Newton alikwisha kusema mwaka 1687 kwamba kila tendo hujibiwa na tendo pinzani lililo sawa nalo. Bawa likiisukuma hewa chini, hewa hulisukuma bawa juu. Kanieneo dogo mgongoni na kubwa tumboni ndiyo njia ambayo msukumo huo hulifikia bati la bawa. Kwa hiyo wanaobishana kama ndege hunyanyuliwa na Bernoulli au na Newton wanabishana juu ya nyumba moja, mmoja akiwa amesimama mbele na mwingine uani.

Kiasi cha kunyanyua hutegemea mambo machache. Ukubwa wa bawa ni ule ule au karibu ule ule. Uzito wa hewa hubadilika: kule futi 35,000 hewa ni nyepesi, imebaki kama theluthi moja ya ile ya usawa wa bahari, na hata Nairobi, mita 1,600 na ushee juu ya bahari, ndege iliyojaa hukimbia zaidi barabarani kabla ya kuinuka kuliko ikiwa Mombasa. Kasi ina nguvu zaidi, kwa sababu ukiiongeza mara mbili, kunyanyua huongezeka mara nne. Kisha kuna pembe, yaani jinsi bawa linavyoukabili upepo, na hiyo ndiyo iliyo mikononi mwa rubani kila dakika. Akivuta usukani, mkia unashuka, pua inapanda, pembe inapanuka, ndege inapanda. Hufanya hivyo leo, kesho na keshokutwa, miaka nenda miaka rudi, mpaka mkono wake unasadiki kwamba kuvuta ndiko kupanda.

Mkono umedanganyika. Kuvuta ni kupanua pembe, basi. Ndege hupanda kwa kuvuta pale tu hewa inapokubali kuendelea kulifuata bawa, na hewa ina kikomo chake. Kwa mabawa ya kawaida yakienda polepole, kikomo hicho kiko karibu na nyuzi 15. Kwa ndege kubwa inayokwenda kasi kule juu, huwa kidogo zaidi. Ukikivuka, hewa ya mgongoni haiwezi tena kukata kona kali namna hiyo. Hubanduka, ikabaki inazunguka-zunguka juu ya bawa bila kazi. Kunyanyua hupungua ghafla, ukinzani hupanda, ndege inaanza kuzama. Marubani huiita hali hiyo stoli, na injini haihusiki nayo hata kidogo.

Manahodha wa pwani yetu wanaijua bila kuiita kwa jina hilo, kwa sababu tanga la jahazi ni bawa lililosimamishwa. Nahodha akivuta demani, tanga hushika upepo na chombo huenda. Akizidi kuvuta, tanga huukabili upepo kwa pembe pana mno. Kwa macho bado limejaa, mlingoti bado unalia, lakini nguvu sasa inakilaza chombo ubavuni badala ya kukipeleka mbele. Mgeni wa bahari, akiona mwendo umepungua, huvuta zaidi. Mwenyeji hulegeza.

Jambo moja zaidi, na ndilo lililowaponza wengi. Pembe ninayoizungumzia haipimwi kutoka upeo wa macho. Hupimwa kati ya bawa na upepo unaolijia, na ndege inayoanguka hujiwa na upepo kutoka chini. Kwa hiyo pua yaweza kuwa imeinuka nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, jambo la kawaida kabisa wakati wa kupaa, huku bawa likiwa limeukabili upepo kwa nyuzi 40.

Mtu wa kilimani aliitwa Otto Lilienthal. Alizaliwa mwaka 1848 mjini Anklam, kaskazini mwa Ujerumani, akakua akiwatazama korongo weupe, ndege wale wale ambao kila mwaka huikimbia baridi ya Ulaya na wengine wao kufika kwetu Afrika Mashariki. Tofauti na wengi waliotaka kuruka, Lilienthal hakupiga mabawa ovyo. Alipima. Alitengeneza mtambo wa kuzungusha vipande vya mabawa hewani, akaandika nguvu iliyopatikana kwa kila pembe, na mwaka 1889 akatoa kitabu juu ya kuruka kwa ndege hai kama msingi wa mwanadamu kuruka. Halafu akaenda kujirusha mwenyewe kutoka vilimani. Aliruka takriban mara 2,000, na picha zake zikazunguka dunia nzima.

Alikuwa na udhaifu mmoja, nao ulikuwa katika namna ya kuongoza. Alining'inia kwa mikono katikati ya chombo chake na kukiongoza kwa kuurusha mwili: miguu mbele ili pua ishuke, nyuma ili ipande. Mwili wa mtu mmoja si kitu mbele ya upepo uliokasirika. Tarehe 9 Agosti 1896, kilimani karibu na kijiji cha Stölln, upepo uliinua pua ya chombo chake. Alirusha miguu mbele, lakini pua haikushuka kwa wakati. Bawa lilipoteza hewa, chombo kikaanguka kutoka kama mita 15, akavunjika shingo. Alifariki kesho yake mjini Berlin.

Tukumbuke kwamba huyu ndiye aliyeijua pembe ya bawa kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai. Majedwali yake ndiyo ulimwengu ulioyatumia. Kujua kikomo kiko wapi na kuwa na njia ya kurudi kutoka kikomoni ni mambo mawili mbalimbali.

Habari za kifo chake zilifika Dayton, Ohio, kwa ndugu wawili mafundi wa baiskeli. Wilbur na Orville Wright walianza na swali la kuongoza, wakaliacha la injini lingoje. Kwenye chombo chao waliweka bawa dogo mbele ya makubwa, la kupandisha na kushusha pua. Mwaka 1901, kwenye matuta ya mchanga ya Kitty Hawk, chombo kilipanda na Wilbur juu yake, kikapoteza mwendo, kikasimama hewani. Alitambua mara moja kwamba amefika pale pale alipofikia Lilienthal. Lakini chombo chake hakikupiga mbizi. Kilishuka kimelala bapa, kikatua mchangani, naye akasimama mzima. Majira ya kupukutika majani mwaka ule ule walitengeneza kisanduku cha kupuliza upepo ndani ya karakana yao, wakajaribu maumbo kama 200 ya mabawa na kuandika upya hesabu. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka kwa injini, sekunde 12 mara ya kwanza, sekunde 59 mara ya nne. Mtu anayesoma historia hiyo huambiwa habari za sekunde 12. Ningekuwa mwalimu ningeanza na ile siku ya mchangani.

Sasa turudi juu ya Atlantiki, tukijua la kutazama.

Rubani mkuu alikuwa ametoka kwenda kupumzika, kama taratibu zinavyoruhusu. Marubani wasaidizi wawili walibaki, ndege ikikatiza mkanda wa mawingu ya radi ulio karibu na ikweta kwenye futi 35,000. Saa nane na dakika kumi usiku kwa saa za Greenwich, chembe za barafu ziliziba mirija ya Pitot, ile inayochomoza karibu na pua ili kuukinga upepo na kupima kasi. Matatizo ya mirija ya aina ile yalikuwa yameripotiwa kabla. Kompyuta, ilipoona vipimo vya kasi haviafikiani, iliacha kuongoza ndege na kuwarudishia watu. Pamoja na hilo iliondoa ulinzi mmoja mkubwa: siku za kawaida ndege ya aina ile humkatalia rubani, hata akivuta kijiti cha usukani mpaka mwisho, isivuke kikomo cha pembe. Usiku ule iliacha kumkatalia.

Lililohitajika lilikuwa karibu si lolote. Kuishika ndege ilivyo, pua mahali pake, injini kwa nguvu ile ile, na kungoja. Kabla dakika moja haijatimia barafu ilikuwa imeyeyuka na vipimo vimerejea. Lakini rubani aliyekuwa akiongoza alivuta. Ndege ikapanda, kuna wakati kwa futi 7,000 kwa dakika, ikiulipia kila futi kwa mwendo wake. Kule juu hewa ni nyepesi na akiba ya mwendo ni ndogo. Ilipofika futi 38,000 hivi akiba ilikwisha, na bawa likaachwa na hewa.

Sauti ya onyo ililia kwa sekunde 54 mfululizo, ikitaja stoli kwa jina. Kinasa sauti hakikunasa rubani yeyote akiijibu. Wasomaji wengi hufika hapa wakatikisa kichwa. Mimi nisingeharakisha kuwahukumu marubani hao, kwa sababu kinachofuata kingemchanganya hata mwenye kichwa kilichotulia.

Ndege ile haikuwa na kipimo cha pembe ya bawa mbele ya macho ya marubani. Kompyuta iliijua pembe, wao hawakuionyeshwa. Vijiti vya usukani havikuunganishwa, hivyo wa kushoto hakuweza kuhisi kwa mkono kwamba wa kulia anavuta. Kile kibawa kikubwa cha mkiani kilikuwa kimejirekebisha chenyewe kufuata mikono ya rubani, kikaganda kwenye nafasi ya kuinua pua. Na sauti ya onyo nayo iligeuka msaliti. Waliounda mtambo waliamua, kwa akili ya kawaida, kwamba kasi ikipimwa chini ya noti 60, yaani kama kilomita 111 kwa saa, vipimo vya pembe visiaminike, basi onyo linyamaze. Nani angefikiri ndege ya abiria itakwenda polepole hivyo ikiwa hewani? Ndege ilipozama ikiwa na pua juu, vipimo vya kasi vilishuka chini ya kiwango hicho, na onyo likanyamaza. Rubani alipoishusha pua kidogo, jambo sahihi kabisa, vipimo vilirudi juu ya kiwango na onyo likalia tena. Akivuta, kimya. Akilegeza, kelele. Mashine ilikuwa ikimsifu kwa kosa na kumgombeza kwa dawa.

Rubani mkuu aliingia dakika moja na nusu hivi baada ya yote kuanza, na sekunde chache baadaye onyo lilikuwa limenyamaza. Alichokikuta ni pua iliyoinuka, injini zinazonguruma, na kimo kinachoporomoka kwa futi 10,000 kwa dakika. Hakuwepo wakati wa kuvuta. Kwenye vioo hakukuwa na nambari ya kumwambia kwamba upepo sasa unakuja kutoka chini, wala nje hakukuwa na upeo wa macho, ni giza na mawingu tu. Pembe ya bawa, kila ilipopimika, ilikuwa juu ya nyuzi 35.

Mfa maji haishi kutapatapa, na kutapatapa kwa rubani ni kuvuta. Zilikuwa zimebaki chini ya futi 10,000 wakati kijana aliyekuwa akiongoza aliposema kwamba muda wote amekuwa amevuta kijiti mpaka nyuma. Hapo ndipo rubani mkuu alipokipata kipande kilichokosekana, akasema asipandishe. Pua ikashushwa kidogo, kisha ikainuka tena. Ndege iligusa maji ikiwa na pua nyuzi 16 juu, ikienda mbele karibu kilomita 200 kwa saa na chini karibu kilomita 200 kwa saa.

Visanduku vyeusi vililala karibu mita 3,900 chini ya bahari mpaka mwaka 2011, na ripoti ya mwisho ya wachunguzi wa Ufaransa ilitoka Julai 2012. Haikumtupia mtu mmoja lawama zote. Ilizungumzia mirija, mafunzo, onyo linalojizima na kipimo cha pembe kisichoonekana.

Mafunzo ndiyo yaliyobadilika zaidi, na yalikuwa yanahitaji kubadilika. Kwa miaka mingi rubani wa ndege za abiria alifundishwa kulijibu onyo la stoli kwa kusukuma injini mpaka mwisho na kujitahidi asipoteze kimo. Mtihani ulihesabu futi alizopoteza. Mazoezi yenyewe yalifanywa kwenye vimo vya chini, onyo linapoanza tu, bawa likiwa bado na hewa. Aliyefuzu hivyo alikuwa amefunzwa kukichukia kitu pekee ambacho kingemwokoa. Isitoshe, kwenye ndege ambazo injini zimening'inia chini ya mabawa, kusukuma injini ghafla huinua pua, yaani hupanua ile ile pembe iliyoleta balaa. Mwaka 2010 watengenezaji wakubwa wa ndege, Airbus na Boeing wakiwemo, walikubaliana juu ya utaratibu mwingine. La kwanza ni kushusha pua mpaka pembe ipungue. Injini hufuata, tena kwa upole. Kimo hakitajwi mpaka bawa limerudi kazini.

Katika mitambo ya kuigiza safari, zoezi hili sasa hufanywa pia kwenye kimo kile cha juu ambako hewa ni nyepesi. Rubani hutakiwa kusukuma kijiti mbele na kukishikilia hapo, akiona maelfu ya futi yakiteketea mbele ya macho yake, mpaka mwendo urudi. Akivuta mapema, bawa huachwa na hewa mara ya pili, na huanza upya akiwa na futi chache zaidi za kutumia.